Nguo Nne za Mwaka wa Majimaji

Habari za kifo cha Bi Shemsa nililetewa na dereva wa lori la Lindi, aliyeshusha chumvi na samaki wakavu pale Mfaranyaki kisha akaulizia nyumba yangu mlango kwa mlango. Alisema bibi yule mkongwe alikufa usingizini, akazikwa siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri, na kwamba alikuwa amewaambia watu wake, "Mkipata mtu wa kwenda Songea, mwambieni Zena." Nilimpa kijana uji, akanywa, akanishukuru, akaenda zake. Wajukuu zangu waliporudi kutoka kisimani walinikuta bado nimekaa pale pale mkekani, bakuli la mgeni halijaoshwa. Hawakumjua Bi Shemsa. Kwao mimi ni bibi mwenye sanduku jepesi kuliko yote ya ukoo mzima. Kila sikukuu hulifungua na kucheka, eti nguo zangu zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wao wana magauni chungu nzima, yanayopwaya mabegani na kubana kiunoni, na bado kila arusi ikifika hulia kwamba hawana cha kuvaa. Mimi silii. Kila nguo yangu inanikaa, kila moja inakubaliana na mwenzake, na nyingine nimeivaa tangu mama zao hawajazaliwa. Aliyenifundisha kuvaa hivyo ndiye huyo aliyezikwa Lindi, na alinifundisha katika mwaka ambao nguo iliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi.

Ya wazazi wangu, na namna nilivyofika nyumbani kwake, nayaacha; yana mahali pake. Inatosha kusema kwamba nilikuwa binti niliyekwisha kuvunja ungo, mzaliwa wa huku huku, nikijua Kingoni vizuri na Kiswahili kwa kubahatisha, na nilikaa kwa Fundi Makame nikimtumikia mkewe. Nyumba ilikuwa chini kidogo ya boma la Wadachi, katika safu ya nyumba za watu wa pwani. Barazani palikaa cherehani, na ilikuwa cherehani moja tu Songea nzima. Watu walitoka hata Matogoro kuja kuisikia ikilia. Chumba cha mbele kilijaa majora ya vitambaa, merikani upande huu na kaniki upande ule, na hewa yake ilinukia rangi ya nili mpaka ukitoka nje ulijinusa mikono. Kisha pazia, kisha chumba chao, kisha ua wenye jiko. Mimi nililala kijumba cha nyuma ya jiko, na kwa kuwa kuta za fito na udongo hazikufika juu kwenye paa, kila lililosemwa ndani ya nyumba ile lilinifikia. Sikuwa natega sikio. Maneno yalinijia yenyewe kama moshi.

Bi Shemsa alikuwa mwanamke wa Kilwa, mwembamba, mwenye macho yasiyotulia mahali pamoja. Chakula cha huku kilimtesa. Nazi hapakuwa, basi kisamvu akakipika kwa karanga za kutwanga, akakila huku akikilaumu; ugali wa ulezi Fundi aliusukuma pembeni ya sinia kama mtu anayeficha kitu. Sisi wanawake tulikula uani, Fundi na wageni wake barazani. Nilijifunza kumjua mgeni kwa sufuria. Akija askari, tulipika kuku upesi na mazungumzo yalikuwa makubwa, ya kusikika njiani. Akija Nasoro, mfanyabiashara wa nta na mpira, tulipika wali, na mazungumzo yalishuka mpaka nikasikia vijiko tu.

Siku ya kwanza Bi Shemsa kunifungulia kasha lake nilidhani nitaona mali. Ndani mlikuwa na nguo chache zilizokunjwa, na nafasi tupu. Aliona uso wangu ulivyoshuka. "Ulitaka kuona rundo," akasema. "Rundo ni la mtu asiyejijua. Mimi nikiamka najua naenda wapi na nani atanitazama, na hapa hakuna nguo itakayoniaibisha." Akazitoa moja moja, akazipanga mkekani kwa namna mbalimbali: kanzu hii na kisutu hiki, ukienda arusini, kanzu ile ile na shuka nyeupe, ukienda msibani, shuka ile ile peke yake, ukienda shambani, tena kanzu, na kizibao juu, kipupwe kikivuma kutoka Matogoro. Nguo zilikuwa zile zile, lakini mbele ya macho yangu wanawake wanne tofauti walipita. Akaniambia mwaka ule nitajishonea zangu. Kitambaa nitapata kwa mabaki ya kazi na kwa zawadi ya Idi, lakini kuchagua, kukata na kushona ni mimi.

Kanzu yangu ya kwanza, ya merikani, niliiharibu. Nilikuwa nimemtazama yeye mno, basi nikaikata kwa mwili wake. Nilipoivaa, akaniuliza, "Umemshonea nani hii?"

"Mimi, bibi."

"Si wewe. Umemshonea mtu unayetamani kuwa. Mtu huyo hayupo, na wewe ndiye utakayechota maji. Haya, inua mikono."

Nikainua. Kwapa likachanika mpaka ubavuni. Hakucheka wala hakunigombeza. Alikaa chini, akanionyesha jinsi ya kuifumua na kuigeuza shuka ya kazi, na hiyo ndiyo ikawa nguo yangu ya kwanza kati ya zile nne. Baada ya hapo nilianza kumsikiliza kweli. Alinifundisha kusugua merikani baina ya viganja na kutazama unga unaodondoka, kwa sababu kitambaa cha wanga kikifuliwa mara moja hubaki wavu. Alinifundisha kukiloweka kitambaa na kukianika kabla ya kukikata, ili kinywee chote kinachotaka kunywea kikiwa bado hakijawa nguo. Alinifundisha kuacha akiba ndani ya mshono, kidole kizima kila upande, na pindo pana chini. "Utanenepa," alisema, "utazaa, utakonda, utazeeka. Nguo nzuri inajua yote hayo siku ya kushonwa."

Nasoro alikuja na majora ya kaniki mwanzoni mwa kipupwe. Yalikuwa mengi kupita kiasi. Wapagazi waliyashusha barazani, yakazidi, wakayaingiza chumba cha mbele, yakafika mpaka kwenye pazia. Nasoro alikuwa mtu wa kucheka, mwenye tende mfukoni za kuwagawia watu, na alituambia ametembea njia yote kutoka Tunduru. Mimi niliviosha viatu vyake. Havikuwa na vumbi jekundu la njia ile hata chembe. Vilikuwa na matope meusi yaliyokauka, matope ya bondeni. Hakutoka Tunduru mtu huyu; nikayafuta matope, nikavirudisha viatu mlangoni. Mchana ule, watu wamerudi kutoka msikitini, nilikuwa nachambua mchele uani, nikamsikia akimwambia Fundi, "Unganisha vitambaa viwili viwili kwa upana, piga pindo, basi. Usipime mtu."

"Nguo isiyopimiwa mtu ni ya nani?" Fundi akauliza.

"Ya matanga. Ukiulizwa, sema za matanga."

"Matanga ya nani, Nasoro? Nani amekufa?"

Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe, muda mrefu, kisha cherehani ikaanza kulia, na ililia siku nyingi mfululizo. Shuka zilitoka zimeunganishwa katikati kwa mshono ulionyooka kama uzi wa buibui, na watu walikuja kuzichukua, wanaume wa huku, vijana kwa wazee, wakizibeba kwapani bila hata kuzikunjua. Nilizoea kuona mtu akinunua nguo: huijaribu, huishika, hulalamika. Hawa hawakulalamika. Wengine walinitazama mimi, wakasikia matamshi yangu, wakanisalimu kwa Kingoni kwa sauti ya chini, na Bi Shemsa, aliyekuwa hajui lugha ile, akaniuliza kila mara, "Amesemaje?"

"Amenisalimu tu, bibi."

"Salamu ndefu hivyo?"

Katika siku hizo hizo askari mmoja alianza kuzoea baraza yetu. Watu walimwita Ombasha Farajala, kwa cheo chake. Alitoka mbali upande wa kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Alikuja kutanuliwa suruali za kaki. Fundi alipokuwa akimpima, alisimama wima kama mti na macho yake yakapita pole pole juu ya kaniki, jora kwa jora. Mabaki ya kaki yake ndiyo niliyoyapata nikashona kizibao, nguo yangu ya pili. Kilinikaa vizuri mgongoni mpaka nikawa nageukageuka nijione kwenye maji ya pipa. Kanzu ya kaniki ikawa ya tatu, hiyo nikaishona kwa cherehani yenyewe, Bi Shemsa akisimama nyuma yangu. Ya nne ilikuwa kisutu chekundu alichonipa mkononi siku ya Idi. Sikujua wakati ule kwamba nimejikusanyia hatari. Ndani ya kaniki, iliyokuja kuwa vazi la wapiganaji, mtu wa boma angeniona adui, na ndani ya kaki mtu wa porini angeniona adui vile vile.

Asubuhi moja nilikuwa nafua mtoni Luhira, Ombasha akashuka peke yake, akasimama juu ya jiwe. "Wewe binti," akasema. "Kaniki mingi ile, nakwenda wapi?"

"Sijui, bwana."

"Iko nyumbani kwako, wewe iko sijui?"

"Mimi nafua tu, bwana."

Akanitazama mpaka nikaona aibu ya mikono yangu yenye povu. Akachomoa kipande cha sukari, akakiweka juu ya nguo zilizofuliwa, akapanda kilima. Nilikisukuma mtoni kwa kidole. Nilipoinua uso, Bi Shemsa alikuwa juu ya ukingo, na sikujua amesimama pale tangu lini. Njiani aliniuliza ombasha ametaka nini, nikamweleza neno kwa neno. Tangu siku ile hakuniacha mbali naye. Kazi za nje akampa mtu mwingine, mimi akaniketisha mkekani karibu ya goti lake tangu chai ya asubuhi mpaka magharibi, sindano mkononi, akinifundisha vifungo, kola, na kutia kiraka upande wa ndani ili kisionekane. Hata shangazi yangu alipopita kuniletea unga, na tukaongea kwa lugha yetu uani, Bi Shemsa aliacha kila kitu akaja akakaa katikati yetu, akitutazama midomo. Shangazi aliposimama kuondoka aliniambia kwa Kingoni, "Huyu bibi yako anatuogopa au anatusikitikia?" Nilibeba unga wake nikauingiza jikoni.

Maneno ya dawa yalikuwa yamekwisha kuingia kila nyumba. Ilisemwa wako watu wanaopita vijijini na maji, na anayeyanywa na kupakwa, risasi ya Mdachi haimwingii. Wengine waliyanong'ona kwa furaha, wengine kwa hofu, na wengi walinong'ona tu wakisubiri kuona uso wa anayesikiliza. Nyumbani kwetu hakuna aliyeyataja. Fundi alishona. Bi Shemsa alimkazia macho mumewe, nikawasikia mchana wakibishana kwa sauti iliyobanwa: "Umewashonea watu vita, Makame." "Nimeshona shuka." "Shuka za nani?" "Kama ningemkatalia Nasoro, hao waliozichukua wangenifanya nini? Na kama ningemwambia ombasha, ningefanywa nini? Wewe niambie mlango wa tatu uko wapi." Nasoro mwenyewe aliondoka na vikapu vitupu, akatugawia tende za mwisho, na hatukumwona tena.

Vita ilipofika, ilifika kwanza kwa watu wa pwani. Wafanyabiashara wawili tuliowajua waliuawa njiani, na safu nzima ya nyumba zetu ikahamia ndani ya boma na magodoro na mbuzi. Mlangoni mwa nyumba Bi Shemsa alinitazama, nimevaa kizibao changu juu ya shuka, akanivua kwa mikono yake mwenyewe. Akakitumbukiza kwenye kapu la pumba. "Njiani usiwe wa mtu," akasema. Ndani ya boma tulikaa tumesongamana ukutani, tukila mahindi makavu ya kukaanga, wanawake wa askari upande mmoja na sisi upande mwingine, kila kundi likilisikiliza jingine. Siku ya mapigano nilisikia kelele za watu wengi mno zikija kutoka bondeni, sauti za nyumbani kwetu, nyimbo nilizozijua. Kisha bombomu, bunduki ya Wadachi ya kumimina risasi, ikaanza. Iliponyamaza, nyimbo hazikuwapo. Wanawake wa pwani walimshukuru Mungu. Nami niliinua mikono pamoja nao, maana Bi Shemsa alikuwa ananitazama, na nikasema moyoni dua nyingine.

Tulirudi nyumbani. Haikupita muda, shuka zilizovuliwa maiti zikatandazwa kwenye uwanja wa boma, na mzungu mmoja akazipitia akiziinua kwa fimbo. Nyingi zilikuwa za kufungwa hivi hivi, bila mshono. Lakini nyingine zilikuwa na mshono katikati, ulionyooka, wa cherehani. Ombasha Farajala alikuja na askari wawili tukiwa tunakula. Hakukaa. "Fundi," akasema, "cherehani Songea iko ngapi?"

"Unajua mwenyewe, Ombasha. Moja."

"Basi twende. Na cherehani nakwenda."

Fundi aliomba avae kanzu yake safi. Aliruhusiwa. Bi Shemsa alimfunga vifungo mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayetaka vifungo visiishe. Walipotoka, akanigeukia mimi, si mlango. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kisha akakaa chini, akaendelea kula, akimeza bila kutafuna.

Amri ikatangazwa: mtu yeyote atakayeonekana na kaniki yenye mshono ule apelekwe bomani. Waliotoa amri hawakufikiri, au walifikiri vizuri sana, kwamba nusu ya wanawake wa Songea walikuwa wameunganishiwa shuka zao na cherehani ile ile kabla ya vita kuwazwa. Wakaanza kuja kwetu, mchana, mmoja mmoja, kwa mlango wa uani, shuka zao chini ya majani ya maboga ndani ya vikapu. Walitaka zifumuliwe na kushonwa upya kwa mkono. Bi Shemsa hakumkataa mtu. Alifunga mlango wa mbele, akatia wembe mkononi mwangu. "Anza na yako," akaniambia. Nikaifumua kanzu yangu ya kaniki, ile iliyonikaa kama ngozi, mshono wangu wa kwanza ulionyooka. Uzi ulitoka kwa mlio mdogo, tik, tik, nami nikaulisha motoni. Kisha nikaishona tena kwa mkono, hatua fupi fupi, za kupinda makusudi, ili ionekane kazi ya mtu asiyejua.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo, nyuzi zimejaa mapajani, Bi Faida alipoingia bila kubisha. Bi Faida alikuwa mke wa Ombasha Farajala, mwanamke wa huku aliyeolewa kambini. Alisimama uani akaona yote: vikapu, wembe, nyuzi, shuka zilizokatwa katikati. Bi Shemsa akasema, kwa sauti ya kumkaribisha mgeni, "Karibu, mwenzangu. Tunafua."

"Naona," Bi Faida akasema. Akakaa. Akafungua kikapu chake, akatoa shuka ya kaniki iliyofuliwa, lakini si sana. Upande mmoja ulikuwa umekakamaa na kuwa mweusi zaidi ya kaniki, na katikati palikuwa na tundu lenye ncha zilizoungua. "Mnao wembe mwingine?"

Nikampa wangu. Akaanza kufumua mwenyewe, na alijua kufumua. "Hii niliichukua hapa," akasema, bila kuinua uso. "Nikampelekea kaka yangu. Nikaitia shanga moja kwenye pindo, ndani, asipotelewe. Juzi mume wangu ameileta nyumbani, ameitoa uwanjani. Anasema, kitambaa kizuri, jifunge. Nimepapasa pindo." Akakata uzi mwingine. "Nyumbani kwangu siwezi kulia. Nilie nini, na yeye ananiuliza?" Bi Shemsa alisogea akamkalia karibu, bega kwa bega, wakafumua pamoja, na Bi Faida akalia huku mikono ikiendelea. Mimi nilikaa na sindano yangu nikimwogopa bado. Nilifikiri: machozi haya ni ya kweli, na bado atarudi kulala nyumba ile. Siku zilizofuata kila mbwa alipobweka nilijua wanakuja kutuchukua. Hawakuja. Kama Ombasha alijua, hakusema. Na kama hakujua, alikuwa mtu asiyetazama mikono ya mkewe, jambo ambalo sikuliamini, kwa sababu alikuwa ametazama yangu.

Fundi hawakumuua. Sare za askari zilikuwa zimechakaa kwa vita, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuzishona. Wengine walisema ombasha alimwombea, mimi sijui. Walimweka bomani akashona. Kisha ikaja siku ile ambayo Songea haitaisahau, waliponyongwa wakubwa wa Wangoni. Nilichoona mwenyewe ni kwamba Fundi alirudi nyumbani siku ya pili yake, kwa miguu yake, amekonda, kola ya kanzu imemwachia shingo. Bi Shemsa alimwekea maji, akaosha mikono, akaiosha tena. Alimwandalia kisamvu, hakukigusa. Akasema, "Waliniletea merikani. Nikaambiwa niwakatie wale wa kunyongwa, kila mtu kipande. Nikasema siwezi kukata bila kupima. Askari wakacheka."

"Ukawapima?" Bi Shemsa akauliza.

"Nikawapima, Shemsa. Mmoja mmoja. Wengi nawajua, walikaa baraza hii. Mzee mmoja aliniambia, 'Fundi, acha nafasi mabegani, usinibane.'" Akatazama viganja vyake. "Nikamwachia."

Baada ya hapo ilikuwa njaa. Mashamba yalichomwa, ghala zilichomwa, mbegu hazikuwapo, na watu walichimba mizizi mwituni mpaka mwitu nao ukaisha. Tulikonda wote. Jioni moja Bi Shemsa alinionyesha jinsi ya kuingiza mishono ya kanzu ndani bila kukata kitambaa, ili mwili ukirudi nguo iurudie. Watu wa pwani walipopewa ruhusa ya kushuka Lindi pamoja na msafara, Fundi aliamua kwenda. Waliniita twende pamoja. Shangazi yangu alikuwa amebaki peke yake na watoto wasio wake, nikasema nabaki.

Asubuhi ya safari wapagazi walikuwa wamekwisha kunyanyua mizigo. Bi Shemsa alinivuta uani, mbali na watu. "Zena," akasema, "nina neno, na nikiondoka nalo litanila. Mwaka mzima mtu niliyemwogopa ni wewe."

"Mimi, bibi?"

"Wewe. Nilikukuta mtoni na ombasha, nikasema ndiye huyu. Shangazi yako akija mnasema nisiyoyasikia, nikasema huyu ni wa kote kote. Siku wanamchukua Makame, wallahi, niliapa ni wewe uliyemsema. Nilimwambia mapema tukufukuze, akasema ukifukuzwa utasema zaidi. Basi nikakuweka karibu. Nilikutia sindano mkononi ili niione mikono yako inafanya nini."

Nilisimama nikamtazama. Siku zote zile mkekani, goti lake karibu na langu, nilizihesabu kuwa mapenzi. Ndizo zilizonifanya nikabaki katika nyumba ile wakati ningeweza kukimbia. Nikamuuliza, "Na yale uliyonifundisha?"

Alifikiri kweli kabla ya kujibu. "Yale yalikuwa sawa," akasema. "Kufundisha kwa uongo sikujua."

Nikamwambia kwamba mimi nami, tangu siku ya viatu vya Nasoro, nilipojua nyumba ile ina siri, nilimwogopa yeye; kwamba ndani ya boma niliomba dua moja mdomoni na nyingine moyoni kwa sababu yake; na kwamba mpaka saa ile sikuwa na hakika nani alitusema kwa Wadachi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, kidogo kwanza, halafu akashika nguzo ya jiko, na nikacheka naye, wanawake wawili waliokonda, wapagazi wakituchungulia. Fundi aliita kutoka njiani. Bi Shemsa alifuta macho, akanisogelea, akashika bega la kanzu yangu akalivuta mbele, akalivuta nyuma, akaangalia kama limekaa. Lilikuwa limekaa. Akafunga kisutu chake vizuri kichwani, akatoka kwa mlango wa mbele, akawafuata wenzake.